Naomba ushauri: nafumua kuliko ninavyoshona

Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri, hasa kwa mliozoea kushona mablanketi ya viraka.

Nina blanketi la kitanda ambalo upande wake wa juu unakaribia kukamilika, ila haliishi. Kila nikiunganisha vipande nageuza kutazama pembe. Ncha ya pembetatu ikimezwa na mshono hata kidogo, nafumua. Vitambaa vingine vimeanza kutoka nyuzi pembeni kwa kufumuliwa, na hilo linaniuma kweli. Lakini kupuuza nako naogopa, maana kosa dogo hujikusanya: mshono ukila milimita 1 zaidi kila mahali, safu ya mishono 10 inapungua sentimita nzima.

Nimejaribu kuweka alama ya robo inchi kwenye mashine, kupiga pasi kila mshono na kubana makutano kwa pini. Kazi imenyooka, ila wasiwasi uko palepale, na sasa sithubutu hata kuweka pamba na kitambaa cha chini.

Ninyi mnaamuaje kwamba hapa nifumue na hapa niache? Na je, mishono ya kushikanisha tabaka zote tatu huficha pembe zisizokutana, au huzionyesha zaidi?