Bunduki ya babu, tundu la mtutu dogo mno

Mwana_Mpwapwa: Wakuu, kwenye sanduku la marehemu babu, chini ya magunia ya uwele, nimekuta bunduki ya Kiingereza imegongwa "No. 2 Mk IV*". Umbo ni la bunduki ya .303 kabisa (upana wa risasi kwa inchi), ila penseli haiingii mtutuni! Magazini, kasha la risasi, haina hata springi. Imechezewa?

Fundi_Kikuyu: Haijachezewa, mkuu. Ni Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza, ya mazoezi, imegeuzwa ipige risasi ndogo za .22: bei nafuu, kishindo kidogo. Unatia moja moja kwa mkono. Magazini ni kopo tu la kudakia maganda.

Mama_Zuzu: Mwanangu, sheria ya silaha ya 2015 inataka kibali. Usiipandishe daladala, piga simu kituoni waje.

Mwana_Mpwapwa: Nimepiga, mama. Kitako chake lakini, jamani, kinang'aa kama kigoda cha mzee!