Kisu cha makali ya upande mmoja au pande mbili kwa samaki na mboga?

Mpishi_Pwani: Wakuu, naomba ushauri. Jikoni tunatoa minofu ya nguru na changu, tunakata jodari mbichi vipande vyembamba, na mboga ni nyingi kila siku. Nachagua kati ya visu vya Kijapani: yanagiba, kisu kirefu chembamba cha kukatia samaki, ulionolewa upande mmoja, na gyuto, kisu cha mpishi cha kazi nyingi, wa pande mbili. Bajeti ni ya kisu kimoja. Anayekishika anatumia mkono wa kulia.

Kinoo1000: Kama ni kimoja, chukua gyuto wa milimita 210. Boga, muhogo na karoti nene ndivyo vitakavyokusumbua ukiwa na kisu cha upande mmoja. Mteremko, yaani uso ulionolewa kwa mshazari, uko kulia, kushoto ni bapa, kwa hiyo chakula kigumu kinausukuma ule mteremko na kisu kinavuta kushoto. Unaanza na kipande chembamba juu, unamaliza na kinene chini. Kisu cha pande mbili kinasukumwa sawa kulia na kushoto, kinashuka wima.

Kwenye jodari mbichi mambo yanageuka. Pembe ya makali ya yanagiba ni digrii 15 hivi kwa jumla, wakati gyuto wa digrii 15 kila upande anafika 30. Halafu ubapa wake umebonyea kidogo katikati, nyama haiung'ang'anii, na uso wa mnofu unabaki laini unaong'aa. Kata kwa kuvuta mara moja kutoka kwenye kisigino cha kisu (mwanzo wa makali karibu na mpini) hadi ncha. Ukienda mbele na nyuma kama msumeno, nyuzi za nyama zinachanika.

Yanagiba asiguse mfupa. Makali yale ni membamba na chuma chake ni kigumu, yanamegeka. Kichwa na uti wa mgongo ni kazi ya deba, kisu kingine cha Kijapani, ambaye naye ni wa upande mmoja lakini mnene na mzito.

Seremala_Jikoni: Naongeza kuhusu kunoa, maana hapo ndipo visu hivi vinapoharibiwa. Mfikirie yanagiba kama patasi. Laza mteremko wote kwenye kinoo namba 1000 (namba ikipanda, kinoo ni laini zaidi), vidole vikandamize karibu na makali, noa mpaka uhisi kijiukingo cha chuma kimejikunja upande wa bapa kuanzia kisigino hadi ncha. Kisipofika ncha, bado hujamaliza. Rudia kwenye namba 3000 au 6000. Ndipo ugeuze, ulaze ubapa kabisa kwenye kile kinoo laini, upitishe mara 3 hadi 5 tu, bila nguvu.

Kosa kubwa ni kuinua mgongo wa kisu wakati wa kunoa ubapa. Ukishafanya hivyo umetengeneza mteremko wa pili, na kuuondoa ni kula chuma kingi. Kosa la pili ni kinoo kilichobonyea katikati: kinakula kingo za bapa na ule ubonyeo wa katikati ya ubapa unapotea. Kisawazishe kila mara kabla ya kuanza.

Gyuto ni rahisi zaidi. Kisu chenye upana wa milimita 45, inua mgongo milimita 12 kutoka kwenye jiwe, hapo uko kwenye digrii 15. Noa pande zote kwa idadi sawa.

Mpishi_Pwani: Asanteni sana. Je, akija mpishi anayetumia shoto?

Kinoo1000: Gyuto ulionolewa sawasawa hauna shida. Yanagiba wa mkono wa kulia hamfai: kipande anachokata kiko kushoto, na kisu kinavuta kulekule, kinachomoka kabla ya kufika chini. Wa shoto hutengenezwa kwa kugeuzwa na bei yake huwa juu.

Seremala_Jikoni: Ukinunua cha chuma kinachoshika kutu, futa ukishakata limau au nyanya, papo hapo, usingoje kumaliza kazi. Hewa ya chumvi huko pwani haisubiri.