Mjadala: Je, Tanzania igharimie utafiti wa chembe za polima zinazobeba dawa ya saratani inayoamshwa na mwanga?

Mleta hoja, Upanga

Ndugu wachangiaji, mimi ni mwalimu wa kemia, na kwa miaka kadhaa nimefuatilia tiba ya saratani ambayo dawa yake haifanyi kazi mpaka imulikwe. Naomba tujadili iwapo sehemu ya fedha chache za utafiti tulizonazo ielekezwe kwenye chembe ndogo za polima, yaani kemikali ya molekuli ndefu kama plastiki, zinazobeba dawa hizo, au tusubiri wengine wamalize kazi ndipo tununue. Msimamo wangu ni kwamba tusisubiri, na sababu yangu kubwa ni jua.

Kwa asiyeifahamu tiba hii, mgonjwa hupewa dawa ambayo gizani haina madhara makubwa, kisha sehemu yenye uvimbe humulikwa kwa mwanga wa rangi maalumu. Dawa ikinyonya mwanga huo huigeuza oksijeni iliyomo kwenye seli kuwa ya aina kali mno, ambayo huua hapohapo ilipozaliwa kwa sababu hudumu muda mfupi sana na haisafiri mbali. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1900 mjini Munich, mwanafunzi Oscar Raab, akisimamiwa na Hermann von Tappeiner, aligundua kwamba vijidudu vya paramesia vilivyotiwa rangi ya akridini vilikufa kwenye mwanga na kupona gizani. Photofrin, mojawapo ya dawa za tiba hii, ilipata kibali Kanada mwaka 1993, na Marekani mwaka 1995 kwa saratani ya umio.

Tatizo ni kwamba Photofrin hudungwa kwenye mshipa na kusambaa mwilini, kisha hukaa ngozini kwa wiki nyingi, hivyo mgonjwa hutakiwa kujikinga na jua kwa siku zisizopungua 30. Sharti hilo linabebeka pale ambapo mtu anaweza kufunga mapazia huku mshahara ukiendelea kuingia. Mama anayekaanga samaki Feri, au kijana wa bodaboda wa Buguruni, akikaa ndani mwezi mzima nyumba yake hailali na chakula, na akitoka mapema ataungua.

Hapo ndipo chembe zinapoingia. Polima inayotumika sana hutengenezwa kwa asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, jamaa ya uzi wa kushonea vidonda unaoyeyuka wenyewe mwilini. Dawa nyingi za aina hii hazichangamani na maji. Zikiingia kwenye damu hushikamana mabonge na kupoteza nguvu, lakini zikifungwa ndani ya chembe yenye upana usiozidi nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), hutawanyika vizuri. Iwapo dawa nyingi zaidi itafika kwenye uvimbe na kidogo zaidi kubaki ngozini, katazo la jua huenda likafupishwa. Kufupisha katazo hilo kuna uzito mkubwa zaidi kwetu kuliko kwa wanaoishi kwenye baridi, nasi tukinyamaza sioni nani atalitanguliza.

Mchangiaji, Mbagala

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi, na nimeisoma hoja yako kwa makini kwa sababu wagonjwa unaowataja nawafahamu kwa sura.

Mwaka 2016 kikundi cha Warren Chan cha Toronto kilipitia tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama, kikakuta kwamba kwa wastani wa kati ni asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa zilizofika kwenye uvimbe. Nyingi huishia kwenye ini na bandama. Pia mwanga mwekundu wa nanomita 630 unaotumika na Photofrin hupenya nyama milimita chache tu, ilhali wengi wa wanaofikishwa hospitali ya saratani ya Ocean Road huja ugonjwa ukiwa umeshaenda mbali. Mwanga hauwezi kuufuata uvimbe uliokwisha kuingia kwenye nyonga.

Saratani inayoongoza kwa wanawake wetu ni ya mlango wa kizazi. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na uchunguzi wa kutumia siki unafanyika hata kwenye kituo cha afya cha kawaida. Kila shilingi inayokwenda kwenye chembe, mimi nauliza imetolewa kwenye kitanda kipi. Naomba usinielewe kuwa napinga sayansi, napinga mpangilio.

Mchangiaji, Tabata

Nami naomba nichangie, kwa kuwa nina ualbino na jua mnalolizungumzia ndilo linalotuua. Kabla ya saratani ya ngozi kuna madoa magumu yanayotangulia, na hayo yanatibika kwa dawa ya kupaka, asidi ya aminolevuliniki, iliyopata kibali Marekani mwaka 1999. Haidungwi, ngozi yenyewe huigeuza kuwa kemikali inayoamshwa na mwanga, na athari yake huisha baada ya siku mbili hivi. Haihitaji chembe yoyote. Kwa nini basi tuanze na kigumu? Hata hivyo, nawatahadharisha kuwa saratani iliyokwisha kuchimba ndani, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo tunapofika hospitali, haitibiwi kwa njia hii bali kwa upasuaji na mionzi.

Mleta hoja, Upanga

Marahaba, muuguzi. Nawe ndugu wa Tabata, umenirekebisha pale nilipokosea: niliutanguliza mzigo kabla ya njia. Kwa magonjwa ya juu ya ngozi nakubali tuanze na dawa ya kupaka na taa za LED, ambazo hazina gharama ya leza. Nchini India taa za namna hiyo, zinazotumia betri, zimekwisha kujaribiwa kwa saratani changa za mdomo.

Asilimia 0.7 siwezi kuipinga. Lakini hoja yangu haikutegemea kiasi kinachofika kwenye uvimbe peke yake. Ilitegemea pia kiasi kinachobaki ngozini, na hilo ni swali la pekee linalopaswa kupimwa kivyake. Kuna jingine ambalo maabara yetu inaliweza bila mashine za gharama kubwa: polima hii huvunjwavunjwa na maji, na joto huharakisha kazi hiyo, kwa hiyo chembe iliyotengenezwa kwenye nchi yenye baridi na hewa kavu itadumu kwa muda gani kwenye stoo ya dawa ya Dar es Salaam mwezi Machi?

Kwa hiyo napunguza ombi langu. Sidai fedha ya chanjo wala ya kitanda, na kwa sasa sidai majaribio kwa wagonjwa. Naomba fedha ya wanafunzi wachache wa uzamili wapime mambo hayo mawili, yaani mabaki ya dawa kwenye ngozi ya wanyama wa maabara na uhai wa chembe kwenye joto letu. Muuguzi, kwa kiwango hicho bado unapinga?

Mchangiaji, Mbagala

Kwa kiwango hicho sipingi, mradi taa na dawa ya kupaka ya ndugu yetu wa Tabata zitangulie kwenye bajeti.