Naomba ushauri: uandishi wa kiufundi unanishinda

Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa pili chuoni, nasomea umeme, na muhula huu tuna somo la uandishi wa kiufundi. Hesabu sizihofii, ila hili somo linaninyima usingizi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika maelekezo ya kubadilisha fyuzi kwenye mashine. Nikajaza kurasa 3, nikaanza na maana ya fyuzi na aina zake zote. Mwalimu akampa mwanafunzi wa fani nyingine ayafuate, akakwama hatua ya pili. Kibaya zaidi, onyo la kuzima umeme nililiweka baada ya hatua ya kufungua kifuniko. Mtu angeweza kupigwa shoti kwa sababu ya mpangilio wangu, na hilo limeniuma kweli.

Sasa naelewa kwamba kila hatua ianze na kitenzi, onyo litangulie, na kitu kimoja kiitwe jina lilelile mwanzo hadi mwisho. Tatizo ni kuwa nikishaujua mfumo, sioni tena kile asichokijua msomaji. Nyie mlio kazini mnafanyaje? Mnaiacha rasimu siku kadhaa ndipo mnaisoma upya, au mnamtafuta mtu aijaribu?

Halafu natakiwa kufupisha ripoti ya kurasa 20 iwe ukurasa mmoja, kwa meneja asiye mhandisi. Nianze na mapendekezo, au vipimo kwanza?

Mwenye kazi yake ya zamani iliyosahihishwa, hata kama imejaa wino mwekundu, naomba anionyeshe. Nitashukuru sana.