Kindi wa nyuma ya nyumba: niwape chakula gani kisichowadhuru? Naomba ushauri

Uani_Ohio
Wakuu, habari za wakati huu. Niko Columbus, Ohio. Nyuma ya nyumba kuna mialoni miwili na mti mmoja wa walinati nyeusi, na kindi wa kijivu wanne watano hawakosekani. Majirani huwatupia karanga za chumvi, mkate na mahindi makavu ya mfuko. Watoto nao wanataka kuwalisha. Naomba kujua chakula kinachowafaa, kiasi cha kutoa kwa siku, na kipi nisiwape kabisa. Baridi inakaribia.

Mwaloni
Karibu, mkuu. Shida kubwa ya vyakula vya mfukoni ni uwiano wa kalsiamu na fosforasi. Mifupa inahitaji kalsiamu iizidi fosforasi, lengo likiwa kama mara mbili. Sasa tazama gramu 100 za mahindi makavu: kalsiamu karibu miligramu 7, fosforasi karibu 210. Alizeti ni kama 78 kwa 660. Mbegu za maboga, ambazo watu wengi huzisifu, ni kama 46 kwa zaidi ya 1,200! Fosforasi ikizidi hivyo, mwili huchota kalsiamu kwenye mifupa ili kusawazisha damu. Kindi anayeshiba vitu hivyo kila siku mifupa hulainika, miguu ya nyuma hukosa nguvu, na anaweza kuvunjika kwa kuruka tu. Wanaoathirika zaidi ni watoto wao na wale waliozoea kula sehemu moja.

Kwa hiyo mahindi na alizeti viache kabisa. Ukitaka kuwapa njugu, chukua hazelinati, walinati au pekani, zikiwa mbichi, hazina chumvi na bado ziko kwenye maganda. Ganda lina kazi yake: meno ya mbele ya kindi hukua maisha yake yote na lazima yasagike. Pia linampunguzia kasi, hali njugu kumi kwa dakika tano.

Kiasi: njugu mbili kwa kila kindi kwa siku, basi. Chako kiwe nyongeza. Mlo wake anaujua mwenyewe: matunda ya mwaloni, machipukizi, magome laini, uyoga, wadudu.

Bi_Rehema
Nakubaliana na Mwaloni, ila njugu peke yake hazitoshi, kwa sababu hata hazelinati fosforasi yake inazidi kalsiamu. Mwenye kusawazisha ni mboga za majani. Sukuma wiki ina kalsiamu zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100, na fosforasi kidogo sana. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, weka asubuhi na mapema kabla ya njugu, maana akishaona njugu hatagusa jani. Karoti, brokoli na boga bichi pia ni sawa. Tufaha mpe kipande kidogo kilichotolewa mbegu. Mabaki yote yaondoe kabla ya jioni, la sivyo utaita panya na rakuni.

Na weka mfupa. Kindi wa porini hutafuna mifupa na pembe za paa zilizodondoka ili wapate madini. Chemsha mfupa wa ng'ombe bila chumvi wala viungo, toa nyama na mafuta yote, ukaushe vizuri, kisha ufunge kwa waya kwenye shina. Usishangae ukikaa wiki nzima bila kuguswa.

Marufuku: chokoleti, biskuti, chipsi, mkate, chochote chenye chumvi au sukari, lozi chungu, ganda na kokwa la parachichi.

Uani_Ohio
Asanteni sana. Karanga za kukaanga zisizo na chumvi je? Na haya matunda ya mwaloni yanayojaa chini, niyaokote niwawekee akiba?

Bi_Rehema
Karanga mimi naziweka mbali, kaka. Sisi wa Afrika Mashariki sumukuvu tunaijua vizuri: ile kuvu ya karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Ini la mnyama mdogo halihimili. Na kuikaanga karanga iliyokwisha kupata sumu hakuiondoi yote.

Mwaloni
Hapo tunatofautiana kidogo, dada. Karanga ya daraja la kuliwa na binadamu, iliyokaangwa, moja moja siku chache kwa wiki, sioni ubaya wake. Mbichi ndiyo nisingetoa, kwa kuwa ina vizuizi vya kumeng'enya protini. Zile za magunia ya chakula cha wanyama, zikiwa na harufu ya uvundo au doa la kijani, zitupe.

Mkuu, matunda ya mwaloni ndiyo bora kuliko vyote ulivyotaja. Yaloweshe ndoo ya maji: yanayoelea mengi yameliwa na funza, yanayozama ni mazima. Yaanike kivulini yakauke kabisa, kisha weka kwenye mfuko wa karatasi mahali pa baridi. Usitumie nailoni, yataota ukungu. Ya mwaloni mweupe huchipua vuli hiyo hiyo, hivyo yatangulize; ya mwaloni mwekundu hudumu mpaka masika. Kindi mwenyewe anaijua tofauti hii: yale meupe huyang'ata kiini yasiote, ndipo ayafukie. Lakini mengi yaache chini palepale.

Walinati nyeusi wataokota wenyewe. Kama una mbwa, zoa zile zilizooza, ukungu wake unaweza kumtia mbwa degedege.

Kibanda_Safi
Niongeze la usafi, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Sinia iwe na matundu chini, maji yasituame. Kila wiki mbili isugue kwa sabuni, iloweshe dakika kumi kwenye jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa, suuza, iache ikauke kabisa juani. Ukiona kindi ananyonyoka manyoya au ana vidonda, acha kulisha wiki kadhaa ili wasikusanyike. Tumia sinia mbili zilizo mbali, wasipigane, na ziwe zaidi ya mita tatu kutoka ukutani, wasirukie paa.

Watoto wasiwalishe kwa mkono. Kindi haoni vizuri kitu kilicho chini ya pua yake, atang'ata kidole akidhani ni njugu.

Kindi wa kijivu halali msimu wote wa baridi, hivyo maji ni muhimu kuliko chakula barafu ikiganda. Bakuli pana la kina kifupi, maji ya vuguvugu asubuhi, badilisha mchana. Usitie chumvi wala sukari ili yasigande.

Halafu ulizia sheria za mtaa wako kabla ya kuanza. Baadhi ya miji ya Marekani hupiga marufuku kulisha wanyama wa porini.

Uani_Ohio
Nimeelewa. Nitaulizia sheria Jumatatu. Nikiruhusiwa, kesho yake naanza na sukuma wiki na hazelinati mbili mbili.