Mchungaji mpya: fedha, ushauri, na nani wa kunihoji?

Mtumishi_Moro
Bwana Yesu asifiwe, watumishi. Nimekabidhiwa kanisa la washirika kama 120. Sadaka za simu zinaingia kwenye laini ya mhazini, kiwanja kimeandikwa jina la mtu binafsi, na wazee watatu wote waliteuliwa na mchungaji aliyetangulia. Nataka kuwa safi mbele za Mungu na mbele ya washirika. Nianzie wapi?

MhaziniMstaafu
Amina. Anza na fedha. Soma 2 Wakorintho 8:18-21: Paulo hakubeba mchango peke yake, na ndugu aliyefuatana naye alichaguliwa na makanisa, si na Paulo.

Sadaka ihesabiwe siku ileile, palepale kanisani, na watu watatu wasio ndugu wala mke na mume. Wahesabu mara mbili, wajaze fomu kwa aina ya noti (10,000 ngapi, 5,000 ngapi, hadi sarafu), wote wasaini. Nakala moja kwa mhazini, nyingine kwa katibu. Wewe usiguse kapu.

Jumatatu fedha yote iende benki kama ilivyohesabiwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: Jumapili mchana inachomolewa nauli ya mgeni, maji ya kwaya, mafuta ya jenereta. Kila kitu ni halali, lakini hati ya benki haifanani tena na fomu, na baada ya miezi mitatu hakuna anayeweza kueleza tofauti. Tengeni mfuko wa matumizi madogo, tuseme shilingi 100,000, unaojazwa tena stakabadhi zikiletwa.

Benki wawe watia saini watatu, wawili kati yao watoshe kutoa fedha. Msisaini hundi tupu kwa sababu mtu anasafiri. Na laini ya mhazini iachwe mwezi huu huu: imesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, kwa hiyo akihama au akifariki, kanisa halina haki ya kuidai kirahisi. Ombeni Lipa Namba (namba ya kupokelea malipo ya simu) kwa jina la kanisa, na taarifa ya miamala ichapishwe kila mwezi na mtu asiyeshika namba ya siri.

Mama_Mzee_wa_Kanisa
Naongeza la ushauri, kwa sababu watumishi wengi huangukia hapo wakati vitabu vya fedha viko sawa kabisa. Mshirika wa kike aonwe mchana, ofisini, mlango wazi na mtu mwingine akiwa karibu. Shida ikihitaji zaidi ya vikao vitatu, mkabidhi kwa mama mzee wa kanisa au mshauri mwenye ujuzi. Ujumbe wa saa tano usiku ujibiwe asubuhi.

Habari ya mtoto kudhulumiwa isimalizwe kwenye kikao cha wazee, hata familia ikiomba. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya msaada ni 116.

Katibu_Jimbo
Wazee walioteuliwa na mchungaji hawawezi kumhoji mchungaji. Washirika wachague wapya kwenye mkutano mkuu, na katiba iandike kwamba wanaweza kukusimamisha na kupanga posho yako ukiwa nje ya chumba.

Tena, 1 Timotheo 5:19 inayotaka mashahidi wawili au watatu kabla ya kupokea mashtaka juu ya mzee isigeuzwe ngao. Mstari wa 20 unaagiza wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote.

Mtumishi_Moro
Mbarikiwe sana. Bahasha ninazopewa mkononi baada ya ibada je? Na kile kiwanja?

MhaziniMstaafu
Muulize mtoaji palepale: hii ni ya kwako au ya kanisa? Ya kanisa apewe mhazini mbele yake, akatiwe stakabadhi. Asipofafanua, ihesabu kuwa ya kanisa.

Katibu_Jimbo
Kiwanja kihamishiwe Bodi ya Wadhamini (wanaoshika mali kwa niaba ya kanisa) iliyosajiliwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318. Kama kanisa lenu liko chini ya dhehebu lenye bodi tayari, tumieni hiyo. Fanyeni sasa, aliyeandikwa akiwa hai na akikubali kusaini. Akishafariki mtakuwa mnazungumza na warithi.