Klasta ina OST 12 (sehemu za diski za kuhifadhia data), faili langu linaandikwa kwenye moja tu, halafu naambiwa mimi ndiye tatizo

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitazificha.

Naendesha modeli ya hali ya hewa, WRF, kwenye klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa, kila moja ikiitwa nodi) ya kituo fulani. Hii wiki ya tatu kazi zangu zinakatwa kwa kuisha muda, na kila nikilalamika jibu la admini ni lile lile: "Punguza ukubwa wa modeli, unatuumizia diski."

Jana nikakesha mbele ya skrini mpaka saa nane usiku. Hesabu za saa moja ya utabiri zinakwisha chini ya dakika tatu. Kisha nodi zote 8 zinasimama kusubiri faili moja la wrfout (matokeo ya modeli) liandikwe. Dakika tisa!

Nikapiga lfs getstripe, amri inayoonyesha faili limegawanywa kwenye OST ngapi. Jibu: lmm_stripe_count: 1. Lustre yetu (mfumo wa mafaili wa klasta) ina OST 12, na faili lote la GB 40 limerundikwa kwenye moja. Nikaomba wenzangu wawili waangalie folda zao. Hivyo hivyo.

Nilikuwa nimeshabadili io_form_history (mpangilio wa WRF wa namna ya kuandika matokeo) kutoka 2 kwenda 11, ili kazi ya kuandika isiachiwe prosesi moja, yaani nakala moja tu ya programu kati ya nyingi zinazoenda pamoja. Hali ikazidi kuwa mbaya, na sasa najua kwa nini. Nodi inayoandika hupewa kufuli (ruhusa ya kulitumia peke yake) ya eneo la faili, na mara nyingi seva humpa wa kwanza eneo kubwa kuliko aliloomba. Mwingine akitaka kipande humo, wa kwanza ananyang'anywa, na lazima kwanza amwage diskini alichokuwa ameshikilia kwenye kumbukumbu. Nodi 8 zikigombania OST moja, muda wote ni kunyang'anyana kufuli.

Leo asubuhi nimetengeneza folda mpya, nikapiga lfs setstripe -c 8 -S 4M, yaani faili ligawanywe kwenye OST 8 kwa vipande vya MB 4, kabla ya kuanza (faili la zamani halibadiliki lenyewe, msijisumbue), nikawasha mpangilio wa romio_cb_write ili prosesi chache zikusanye data na kuandika mafungu makubwa. Dakika tisa zimekuwa moja na nusu. Diski zile zile!

Na msiniambie mkigawa kila faili kwenye OST zote mafaili madogo yataumia. Najua. Ndiyo maana Lustre ina mpangilio unaobadilika kadiri faili linavyokua, tangu toleo 2.10 la mwaka 2017:

lfs setstripe -E 256M -c 1 -E 4G -c 4 -E -1 -c 12

Yaani MB 256 za mwanzo kwenye OST moja, kutoka hapo hadi GB 4 kwenye nne, zinazozidi kwenye zote 12. Mstari mmoja kwenye folda kuu, basi.

Kinachoniuma zaidi ni mdogo wangu mmoja wa shahada ya uzamili. Yeye alitii. Alipunguza undani wa modeli, kutoka miraba ya kilomita 3 hadi ya 9, na milima ya Usambara ikasawazishwa kwenye ramani yake, wakati tasnifu yake ni ya mvua za milima hiyo hiyo. Miezi minne ya kazi.

Admini mnaosoma hapa, wekeni huo mstari leo. Na huyo kijana mrudishieni saa zake za klasta.